Dar–Mwanza kwa ndege ni kilomita ngapi hasa, na kwanini kurudi Dar kunachelewa kuliko kwenda?

#1 Binti Igoma
Wakuu salaam. Kazi yangu inanipeleka Mwanza kila mwezi natokea Dar, na tangu mwaka jana nina kamchezo ka kuandika kwenye simu dakika matairi yanapoachia ardhi mpaka yanapogusa ardhi. Mpaka sasa nina safari sita za kwenda na sita za kurudi, zote kwa Airbus. Kwenda Mwanza wastani wangu ni dakika 72. Kurudi Dar ni dakika 79. Tiketi yenyewe imeandika saa moja na nusu pande zote mbili, kwahiyo hata hiyo tiketi sijui inahesabu nini.

Halafu umbali ndio kabisaa. Nimetafuta nikakuta sehemu moja 460, nyingine 529, nyingine 852, na kondakta wa basi pale Mbezi ananiapia ni 1,150. Ipi ni ipi?

Siulizi kwa umbea. Mwezi ujao nampeleka baba yangu, ana miaka 74 na hajawahi kupanda ndege maishani, tunatoka naye Mwanza tunashuka Dar halafu anaunganisha kwenda Muscat kwa dada yangu. Kati ya kutua Dar na ndege ya Muscat kuondoka ni saa mbili na dakika 10, tiketi mbili tofauti. Sasa kama kuna dakika saba zinapotea na hakuna anayejua zinaenda wapi, nani ataniambia siku hiyo hazitakuwa arobaini?

#2 Kigoda Mbele
Ngoja nikae hapa kwanza, wenye anga zao wanakuja.

#3 Mzawa wa Nyegezi
Dada hili jambo jepesi. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki. Wewe ukiruka kutoka Dar kwenda magharibi, Mwanza nayo inakuja kukupokea, ndio maana unawahi. Ukirudi Dar inakukimbia. Fizikia ya form two hiyo.

#4 Rula na Penseli
Mzawa hapo umempotosha mwenzako na mimi sikuachii. Hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, ndege ipo ndani ya hiyo hewa. Huku kwetu karibu na ikweta ardhi inakwenda mashariki kwa kilomita kama 1,670 kwa saa. Airbus yenyewe ikiwa juu inakwenda 830 hivi. Kama ingekuwa Dar inakukimbia kwa 1,670 na wewe unaifukuza kwa 830 si usingefika milele? Tena ungeweza kupanda helikopta pale Mwanza, ukasimama hewani lisaa limoja, ukishuka upo Kongo upande wa Bandundu bila kutumia nauli. Haiko hivyo.

Nije kwenye umbali. Namba zako tatu za kwanza ni kitu kilekile dada. 460 ni maili za baharini, ambazo ndizo marubani wanatumia, moja ni kilomita 1.852. 529 ni maili za kawaida. 852 ni kilomita. Hiyo ni njia iliyonyooka, kama umevuta uzi juu ya tufe kutoka uwanja hadi uwanja. Ya kondakta naye hajakudanganya, ni ya barabara, maana basi linapita Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, lile ni pinde kubwa. Na reli ya SGR njia kuu Dar–Mwanza inatajwa kuwa kilomita 1,219. Kila mmoja na njia yake.

#5 Mzawa wa Nyegezi
Sawa mkuu, ya helikopta nimeipokea. Lakini bado hujasema dakika saba zinatoka wapi.

#6 Mama Vipodozi
Mimi ni sato. Msicheke, nasema ninachokiona. Kwenda Mwanza watu wanabeba vimkoba, kurudi Dar kila mtu ana boksi la sato na sangara limefungwa na selotepu, wengine mawili, na dagaa juu. Ndege imelemewa, lazima itembee polepole.

#7 Mpanga Safari
Habari zenu. Nimefanya kazi ya kupanga safari za ndege kwa miaka kadhaa, sasa nimepumzika, ila hili suala nalipenda kwahiyo mnivumilie nitaandika ndefu.

Kwanza tiketi. Ile saa moja na nusu haihesabu kuruka na kutua, inahesabu kuanzia ndege inapoanza kusogea pale ilipoegeshwa mpaka inaposimama kabisa kule mwisho. Humo ndani kuna kurudishwa nyuma, kutembea mpaka mwanzo wa ranwei, kusubiri mwenzako atue, halafu na kule vilevile. Na kampuni zote duniani huongeza akiba kidogo ili ndege ikichelewa isionekane imechelewa. Kwahiyo dakika zako 72 na 79 hazipingani na tiketi hata kidogo, ninyi mnapima vitu viwili tofauti.

Pili, watu wanadhani ndege inakwenda 830 safari nzima. Hapana. Kwenye safari fupi kama hii kasi kamili unaipata katikati tu. Chini ya futi 10,000 kwa kawaida hairuhusiwi kuzidi noti 250, yaani maili 250 za baharini kwa saa. Na kushuka kunaanza mapema sana, kanuni ya kichwani tunayotumia ni kuzidisha urefu wa maelfu ya futi kwa tatu, ukiwa futi 36,000 unaanza kushuka zikiwa zimebaki maili kama 108 za baharini. Kati ya 460! Yaani karibu robo ya safari ya Mwanza ndege inateremka. Ndio maana ukigawanya 852 kwa muda wako unapata 710 kwenda na 647 kurudi, sio 830.

Dada Mama Vipodozi, uzito haupunguzi mwendo hivyo unavyofikiri. Ndege nzito inapanda polepole kidogo na pengine inapewa kimo cha chini, tofauti yake kwa safari hii ni ndogo, dakika moja ikizidi sana. Sato wako salama.

Sasa dakika saba. Mimi ningetazama upepo kwanza. Ukanda wetu huu upepo wa juu mara nyingi unatoka mashariki. Kwenda Mwanza unakusukuma mgongoni, kurudi unakupiga usoni. Chukua 710 toa 647, gawa kwa mbili, unapata kama kilomita 31 kwa saa. Upepo wa kiasi hicho kwa juu ni wa kawaida kabisa, wala sio mkali.

#8 Kigoda Mbele
Huyu mzee apewe soda.

#9 Southlands Nai
Niaje wasee. Hii story ya upepo ni ya ukweli. Mimi nimeenda New York direct kutoka Nairobi, ile ndege ya Kenya Airways iliyoanza Oktoba 2018. Kwenda ni masaa 15, kurudi 14, na distance ni ileile, kilomita elfu 11 na mia 8 hivi. Huko juu kuna ule upepo mkali unatoka magharibi kwenda mashariki, wazungu wanauita jet stream. Kwahivyo hata yenu ya Mwanza ni hiyo tu.

#10 Rula na Penseli
Karibu jirani, ila angalia vizuri, mfano wako unakwenda kinyume. Kwenu anayekwenda mashariki ndiye anawahi. Huyu dada anayekwenda mashariki, yaani kurudi Dar, ndiye anachelewa. Ule mkondo wa upepo uko kwenye nyuzi 30 kwenda juu huko, kaskazini na kusini, Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Hauwahusu.

#11 Southlands Nai
Ah sawa, hapo umenishika. But hata sisi kuna kitu ingine, JKIA iko juu mita 1,624, hewa ni nyepesi, ndege ikiwa na mafuta ya masaa 15 inataka ranwei ndefu na baridi, ndio maana inatoka usiku. Mwanza pia si iko juu? Maybe ni hiyo.

#12 Mzawa wa Nyegezi
Enhe! Mwanza iko juu mita 1,147, ziwa lenyewe liko 1,134. Dar ni usawa wa bahari. Kwahiyo kwenda Mwanza ni kupanda na kurudi ni kuteremka, kurudi ndio ilitakiwa iwe haraka. Mpanga Safari hapo unasemaje?

#13 Mpanga Safari
Ukiruka Mwanza tayari una futi 3,700 mkononi, kweli, ila ukitua Dar unazilipa zote maana unashuka mpaka chini kabisa. Zinakaribia kufutana.

#14 Mhudumu Mstaafu
Mzee Mpanga Safari nakuheshimu, lakini kwenye upepo mimi nina shaka. Nimetembea hiyo njia miaka mingi kama mhudumu. Dakika zinapotelea Dar, sio njiani. Mwanza ndege ni chache, unafika unateremka, umetua. Dar kuna ndege za Zanzibar zile ndogo hazikati, zinaruka na kutua kama daladala, kuna za Nairobi, Addis, Doha, wote mnakutana juu ya Kisarawe mnapangwa foleni. Na ranwei kubwa ya Dar imelala kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, wewe unatoka kaskazini-magharibi, kwahiyo huwezi kuingia moja kwa moja, lazima uzungushwe upige kona. Ukiwa dirishani utaona unapita mji, unaona bahari, unarudi tena. Zile ndio dakika saba zenu.

#15 Mpanga Safari
Hoja nzuri dada, siipingi. Ila safari sita zote?

#16 Mhudumu Mstaafu
Sita zote, kama anapanda ndege ya saa ileile kila mara. Binti Igoma unarudi saa ngapi?

#17 Binti Igoma
Zote za jioni. Jamani asanteni, sikutegemea hivi.

#18 Mhudumu Mstaafu
Ndio hapo sasa. Jioni ndio wote wanarudi nyumbani.

#19 Kirumba Mwaloni
Mmesahau mawingu. Sisi watoto wa ziwa tunajua, usiku ziwa linapumua, mvua za radi zinajijenga juu ya maji kuelekea alfajiri, mchana zinahamia nchi kavu. Rubani hapiti kwenye wingu la radi, analizunguka. Nimewahi kutoka Dar ndege ya alfajiri mwezi wa nne, tumefika tunaiona Ukerewe na Mwanza kwa mbali, tukazungushwa dakika 25 wingu lisogee. Dakika 25! Kwahiyo dada wastani wako wa 72 unaweza kuwa ni wa kiangazi tu. Umeandika na miezi?

#20 Binti Igoma
Miezi ninayo. Kwenda ni Juni mpaka Novemba. Kurudi ni hiyohiyo. Masika sina hata moja, umenipa kazi.

#21 Pangaboi Daima
Kuna jambo moja hamjaligusa, aina ya ndege. Huyu dada amebahatika kupata Airbus zote. Sisi tunaopanda pangaboi tunajua. Bombardier Q400 ikijitahidi sana ni kilomita 667 kwa saa, ATR 72 ni kama 510. Nimewahi kwenda Mwanza kwa ATR tukakaribia masaa mawili hewani. Kwahiyo dada siku ya mzee akikuta wamebadilisha ndege dakika ya mwisho, hesabu yako yote imekufa. Na hilo linatokea.

Ila niseme ukweli pangaboi naipenda, inaruka chini chini unaona nchi yako. Njia ya Mwanza ikienda karibu na ile iliyonyooka unaupata mlima Hanang upande wa kushoto, mbele kidogo kulia unaona ziwa Eyasi jeupe kwa magadi. Kurudi geuza, Hanang inakuwa kulia.

#22 Shemeji wa Ruwi
Assalaam aleikum. Mimi niko Muscat mwaka wa tisa, nimepokea wazee wengi hapa uwanjani, kwahiyo nikusaidie upande wa huku. Dar–Muscat ni kilomita kama 3,970, hewani ni masaa matano na nusu hivi. Oman iko mbele saa moja. Kwahiyo ukiangalia saa za tiketi utaona kama kwenda ni masaa sita na nusu na kurudi ni manne na nusu. Watu wanabishana sana hapo, wanasema ndege ya kurudi ina kasi. Hamna, ni saa za ukutani tu.

Lakini kikubwa ninachotaka kukuambia ni hiki, mwandikie baba saa kwa Kiswahili kwenye karatasi. Mimi mama yangu mkubwa tiketi iliandikwa 07:10. Yeye akasoma saa saba na dakika kumi. Akaoga vizuri, akasali, akala, akafika uwanjani saa sita mchana na bahasha yake, ndege imeondoka toka saa moja asubuhi. Alikaa pale kwenye kiti analia kimyakimya, simu yake haina hela, na tiketi haikurudishwa hata shilingi. Mpaka leo nikikumbuka naumia. Hakuna hesabu ya upepo itakayomsaidia mzee aliyesoma saa kwa namna alivyofundishwa na mama yake.

#23 Mama Vipodozi
Jamani 😢 huyu mama mkubwa alifika lakini?

#24 Shemeji wa Ruwi
Alifika baada ya wiki mbili, kwa tiketi nyingine. Alhamdulillah.

#25 Mtu wa Kipawa
Mimi nakaa jirani na uwanja, ndege zote zinapita juu ya bati langu. Nakuunga mkono Mhudumu, lakini kuna kitu: upepo wa chini ndio unaamua zitue upande gani. Kusi ikivuma zinatua hivi, kaskazi ikiingia zinageuka zinatua vile. Kwahiyo hizo dakika za kona zinatakiwa zibadilike kwa msimu. Binti Igoma akiendelea kuandika mpaka Februari tutajua nani mkweli kati yenu wawili.

#26 Mpanga Safari
Na kuna la tatu nililisahau, wakati mwingine kampuni inaamua ndege iende polepole ibane mafuta, na ikichelewa inaruhusiwa kukimbia. Ndege ya jioni kwa kawaida ni ya mwisho mwisho, inaweza kuwa haina haraka, haina mtu wa kuunganisha.

#27 Mzawa wa Nyegezi
Sasa mzee mbona mwenyewe unaiua nadharia yako ya upepo 😀

#28 Mpanga Safari
Siiui, naongeza. Anga halina sababu moja.

#29 Rula na Penseli
Kwa faida ya wengine mnaoamini umbali pekee unakupa muda: Dar–Zanzibar ni kilomita 73 tu uwanja kwa uwanja. Kwa kasi ya Airbus ingekuwa dakika tano na ushee. Watu wanaambiwa dakika 20. Kadri safari inavyokuwa fupi ndivyo kupanda, kushuka na kona zinavyomeza muda wote.

#30 Pemba Moja
Na bado ukijumlisha foleni ya Tazara na kuwahi uwanjani, boti ya karibu masaa mawili inakufikisha mapema kuliko hiyo ndege ya dakika 20. Nauli hata sisemi.

#31 Mtu wa Kipawa
Tazara siku hizi kuna daraja la juu mkuu, toka 2018.

#32 Pemba Moja
Daraja lipo, foleni imehamia mbele.

#33 Mhudumu Mstaafu
Turudi kwa mzee. Binti Igoma, saa mbili na dakika 10 kwa tiketi mbili tofauti ni kidogo, nakwambia kama ningemwambia mdogo wangu. Ukitua inabidi mngoje mabegi, mtoke nje kabisa, mhamie Terminal 3, mpange foleni upya. Na kaunta za safari za nje mara nyingi zinafungwa lisaa limoja kabla ya ndege kuondoka. Kwahiyo wewe una lisaa na dakika 10, na mzee anatembea taratibu. Dakika saba za upepo zisikunyime usingizi, kinachokunyima usingizi kiwe ndege ya Mwanza kuchelewa kuondoka. Chukua ya asubuhi, mshinde Dar. Omba na kiti cha magurudumu hata kama anatembea, wanapitishwa haraka.

#34 Binti Igoma
Nimekuelewa dada. Nimebadilisha leo hii, nimeongeza hela kidogo, tunatoka Mwanza asubuhi. Shemeji wa Ruwi nimemwandikia baba karatasi kwa wino mkubwa, SAA MBILI ASUBUHI, kaibandika ukutani.

#35 Kigoda Mbele
Tunasubiri mrejesho.

#36 Binti Igoma
Mrejesho wakuu, samahani nimekaa kimya wiki tatu.

Ndege ya Mwanza ilichelewa kuondoka dakika 50. Hawakusema sababu. Kwa ratiba yangu ya zamani sasa hivi ningekuwa nawaandikia habari nyingine kabisa. Tulivyoruka nikaanza kuhesabu kama kawaida yangu, matairi mpaka matairi. Dakika 71. Kurudi Dar, sabini na moja! Sijawahi kupata hiyo kwa kurudi.

Lakini nilichotaka kuwaambia hasa ni baba. Nilimkalisha dirishani kulia kwa sababu ya Pangaboi Daima. Muda wote kashika siti ya mbele kwa mikono miwili hasemi neno. Tulivyokaribia nusu ya safari akaachia mkono mmoja akagusa kioo. Akaniambia, "Ule ni Hanang." Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya ngano ya Basotu miaka ya 80, kabla mimi sijazaliwa, alikuwa dereva wa trekta. Akaanza kunionyesha, pale tulikuwa tunalima kutwa nzima kwenda upande mmoja, usiku tunageuza. Alikuwa anacheka. Akasema kutoka Basotu kuja kuoa Mwanza alitumia siku tatu kwa malori na gari moshi. Mimi nikasahau kuangalia saa ya kuanza kushuka, ile aliyoieleza Mpanga Safari.

Muscat alifika salama, dada alimpokea. Asanteni sana nyote.

#37 Mama Vipodozi
Nimelia kwenye daladala. Mungu ampe maisha marefu baba yetu.

#38 Mhudumu Mstaafu
Amina. Na 71 umeona? Asubuhi Dar haina foleni, mkaingia moja kwa moja.

#39 Mpanga Safari
Hongera sana binti. Ila ndege imechelewa dakika 50, rubani akaruhusiwa kukimbia. Hiyo niliisema #26.

#40 Mtu wa Kipawa
Siku hiyo kaskazi ilikuwa imeshaingia, walikuwa wanatua upande mwingine, niliziona. Ndio tofauti.

#41 Mama Vipodozi
Asubuhi sato bado hawajafika sokoni. Nimemaliza.

#42 Rula na Penseli
Safari moja haithibitishi kitu wakuu. Binti Igoma endelea kuandika, za asubuhi na za jioni, na masika uziweke.

#43 Binti Igoma
Naendelea. Ya keshokutwa ni jioni.

#44 Green City
Samahani kuingilia, na Dar–Songwe je? Maana sisi huku ukungu wa asubuhi peke yake una uzi wake.